Neno Moja kwenye Karatasi ya Nesi Skola

Misunkumilo, Mpanda
Jumapili mchana

Mwanangu Veneranda,

Kesho asubuhi unapanda treni kwenda Tabora kuanza chuo cha uuguzi. Mambo ya safari shangazi yako ameshakuambia yote, mengine mara tatu, sitayarudia. Mimi nina jambo moja, na nimelichelewesha miaka kumi na tisa. Ni umri wako wote.

Siku ile ulipojaza fomu ya chuo uliniambia, "Baba, nataka niwe nesi ambaye hawezi kumfanyia mtu kama alivyofanyiwa mama." Nikaitikia kwa kichwa. Uliniona natokwa machozi ukadhani ni furaha, ukanikumbatia. Nilikuacha udhani hivyo.

Mama yako hakuuawa na nesi. Wala hakufa kwa sababu ya kukuzaa wewe, kama ulivyowahi kuniuliza ukiwa kidato cha tatu, nikakujibu kwamba ni mipango ya Mungu. Alikufa kwa sababu nilisoma vibaya neno moja la Kiingereza, na aliponiambia jambo lingine tofauti na nililosoma, sikumsikiliza. Halafu nikamwacha mtu mwingine alipe kwa ajili yangu. Nitakueleza mwanzo mpaka mwisho. Hakuna nitakachoruka.

Unajua nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, baada ya wazazi wangu kuvuka kutoka Burundi. Shule niliishia kidato cha pili. Mjini hiyo si kitu, lakini pale kwetu, ambapo wazee wengi walijua Kirundi tu na Kiswahili cha kuombea maji, mimi nilikuwa mtu mkubwa. Barua ikija, naitwa. Dawa ya tumbaku ikiletwa na maandishi ubavuni, naitwa. Walinipa jina la Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata siku moja. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokupenda wewe ulipozaliwa, na nalisema hivyo kwa sababu ndivyo mambo yalivyotokea.

Nilipokutana na neno hili mara ya kwanza nilikuwa na kama miaka tisa. Baba yangu alilazwa wiki nyingi, mguu umeoza baada ya kujikata na jembe. Asubuhi moja nesi akapita kitandani, akafunga faili, akasema kwa sauti, "Mzee, leo disichaji!" Baba akacheka, akachukua fimbo yake, tukatoka. Njiani tulinunua mahindi ya kuchoma tukala huku tunatembea. Juu ya karatasi aliyopewa nililiona neno lenyewe limeandikwa, "discharge", nikalikariri herufi kwa herufi. Nikajua maana yake: umepona, nenda nyumbani. Sikuwahi kufikiria kwamba neno linaweza kuwa na maana nyingine. Kwangu neno lilikuwa kama mtu, na mtu ana sura moja.

Sasa nije kwa mama yako. Godeliva alikuzaa kwenye zahanati ya kijiji, na aliyekupokea ni Nesi Skola, mwanamke wa kutoka Karema, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Alikuwa peke yake pale, anazalisha, anachoma sindano, anafagia. Mlirudi nyumbani kesho yake, wazima wote wawili. Siku ya tano mama yako akaamka mwili unachemka. Bibi yako, mama yake, ndiye aliyekuwa anamhudumia. Alimweka kwenye baiskeli ya jirani akaisukuma mpaka zahanati, wewe ukiwa mgongoni kwake.

Mimi sikwenda. Siku zile watu walikuwa wanajaza fomu za uraia, na mimi nilikuwa nimekaa mezani ofisini, nasomea watu, naandikia watu. Walinizunguka kama nyuki. Mama yako aliniambia asubuhi, "Sijisikii vizuri." Nikamwambia, "Nenda na mama, mimi watu wananisubiri."

Niliporudi alasiri nilimkuta uani amelala kwenye mkeka, na majirani watatu wanne wamekuja kumjulia hali. Akanipa karatasi. Alitabasamu, mwanangu, nakumbuka. Akasema, "Nesi aliuliza kama mume wangu anajua kusoma. Nikamwambia anajua mpaka Kiingereza. Akaniandikia hiyo, akakimbilia chumba cha kuzalia, kulikuwa na mtu analia."

Karatasi ilikuwa na maneno machache. Fever. Foul discharge. Halafu herufi mbili zenye mkwaju katikati, R/V, na 24 hrs. Basi.

"Fever" nilijua ni homa. "Foul" nilijua kutoka mpira, ni faulo, kosa. "Discharge" nilijua tangu utoto. Zile R na V sikuzijua, lakini saa ishirini na nne nikaona ni kipimo cha vidonge alivyopewa. Nilisimama pale mbele ya majirani, nikaiinua ile karatasi, nikaisoma Kiingereza chake chote kwa sauti, kisha nikatafsiri kwa Kirundi ili kila mtu asikie. Nikasema: Ana homa tu. Walidhani ni kitu kikubwa, wamekosea. Ameruhusiwa.

Bibi yako akasema polepole, "Lakini mkwe, mwili unachemka. Na kinachomtoka kinanuka. Mimi nimezaa saba, sijawahi kunuka hivyo."

Nikamwambia, "Mama, imeandikwa hapa. Unataka kumshinda nesi?"

Akanyamaza. Unamjua bibi yako alivyokuwa hanyamazi kwa mtu. Siku ile alinyamaza, kwa sababu kulikuwa na karatasi.

Jioni, watu walipoondoka, mama yako akaniambia, "Nesi amesema kesho asubuhi nirudi. Kama bado niko hivi, wanitafutie gari la kunipeleka Mpanda."

Nikamjibu, "Kesho urudi kufanya nini, wakati ameandika mwenyewe kwamba umeruhusiwa?"

Kiswahili cha mama yako kilikuwa kidogo, na nilikuwa na tabia ya kumsahihisha mbele ya watu. Alinitazama kidogo, akasema, "Labda nilisikia vibaya."

Hakusikia vibaya. Alisikia sawasawa kila neno. Nimeishi na sentensi hiyo ya mama yako kila siku, na sijui niipeleke wapi.

Kesho yake hakurudi zahanati. Mimi nilikwenda mezani kwangu kwenye fomu. Siku iliyofuata alianza kuongea na watu ambao hawakuwepo, akawa ananiita kwa jina la kaka yake. Ndipo nikakimbia barabarani nikasimamisha lori lililobeba mabelo ya tumbaku, tukampandisha juu ya mzigo, bibi yako amemshika kichwa. Wewe tulikuacha kwa jirani mwenye mtoto mchanga akunyonyeshe.

Hospitali mjini alitupokea daktari kijana. Alimpima, akaguna, akaanza kuniuliza huku anaandika. "Discharge imeanza kunuka lini?"

Nikajibu, "Discharge tulipewa juzi, daktari."

Akaacha kuandika. "Mlipewa nini?"

"Discharge. Ruhusa."

Akanitazama kama mtu anayechunguza iwapo nimelewa. Kisha akaelewa, na akasema kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko angenipiga kofi: "Hapana, mzee. Nauliza uchafu. Usaha, ule unaomtoka. Hiyo nayo tunaiita discharge."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, akaniita mzee. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Niliihisi kifuani kama jiwe la moto. Daktari akauliza, "Zahanati hawakuwaandikia chochote? Hawakuwaambia mrudi?"

Bibi yako alikuwa amesimama nyuma yangu, hakielewi Kiswahili cha haraka. Mke wangu alikuwa hasikii tena. Nikasema, "Hawakutupa kitu."

Huo ndio uongo wa kwanza. Sikuupanga. Ulitoka kama mtu anavyoinua mkono kujikinga usoni. Lakini yale yaliyofuata niliyapanga.

Godeliva alikufa kesho yake mchana, jua kali. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mitatu tu zaidi yako leo.

Baada ya maziko watu walianza kuuliza, kama watu wanavyouliza. Mbona alikwenda zahanati akarudishwa? Mjomba wako Deo alisimama pale msibani akanigeukia, "Shemeji, wewe ndiye msomi. Nesi aliandika nini?" Kila mtu alikuwa ananiangalia. Na wale majirani waliosikia nikisoma uani, walikuwa wamesikia nikisema ameruhusiwa. Hawakujua kusoma. Nikasema, "Aliandika kwamba amepona."

Deo aliinuka. Alitoka na vijana wa ukoo. Walikwenda zahanati wakavunja madirisha, wakatoa godoro la Nesi Skola na nguo zake wakazichoma nje. Yeye alitoka kwa mlango wa nyuma akakimbilia kwa katekista. Mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa na wageni, naona moshi. Nilijua ni moshi wa nini. Nikaendelea kukaa. Wageni walipolala, niliitupa ile karatasi kwenye jiko la bibi yako.

Baada ya wiki mbili akaja mtu kutoka wilayani na faili. Alituweka wote darasani, shule ilikuwa likizo. Nesi Skola alikuwa amekaa mbele amevaa gauni la kuazima. Yule mtu akasema, "Nesi anadai aliandika karatasi kwamba mgonjwa ana uchafu wenye harufu, na arudi ndani ya saa ishirini na nne kuangaliwa tena. Baba, karatasi iko wapi?"

Nikasema, "Karatasi tuliyopewa ilisema amepona, na imepotea msibani. Ya namna hiyo hatujawahi kupewa."

Ni hapo nilipojua zile R na V maana yake nini.

Nesi Skola hakulia wala hakubisha. Alisema tu, "Baba Veneranda, niangalie." Alijua jina lako kwa sababu yeye ndiye aliyeliandika kwenye kadi yako ya kliniki. Nikaangalia sakafu. Akarudia, "Niangalie tu, halafu sema tena." Nikasema tena, sikumwangalia. Akafukuzwa kazi.

Mwanangu, hayo ndiyo niliyofanya.

Utauliza niliishije baada ya hapo. Niliishi kama mtu yeyote. Nililima, nilikulea, tukahamia huku Misunkumilo. Kuna kamusi niliyoipata kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anagawa vitabu vyake, nikalitafuta lile neno. Maana zake zimejaza nusu ukurasa. Bunduki ikifyatuliwa, ni discharge. Mto ukimwaga maji yake, ni discharge. Mzigo ukishushwa melini, askari akiachishwa jeshi, betri ikiishiwa moto, yote neno hilo hilo. Nililisoma mpaka nikaweza kulisema bila kutazama. Halikunisaidia kitu. Lakini kuanzia hapo nilianza kuuliza.

Miaka michache baadaye mrina asali mmoja wa Ugalla, aliyekamatwa na mizinga yake ndani ya hifadhi, aliniomba nifuatane naye mahakamani. Siku ya mwisho karani akatupa karatasi ya Kiingereza, na neno likawa limekaa pale katikati. Mke wa mrina alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele, maana mumewe ametolewa kizimbani. Nikamrudia karani nikamuuliza, "Hapa discharge ina maana gani?" Watu wawili wa pale kwenye benchi wakacheka, mtu mzima kama mimi kuuliza. Karani akanieleza: ameachiwa, lakini hajashinda kesi, wanaweza kumkamata upya muda wowote. Nikamwambia yule mama anyamaze kwanza. Walimkamata mumewe langoni, kabla hajavaa viatu vizuri. Yule mama aliniambia, "Umenifaa, ningekufa kwa mshtuko."

Na wewe, ulipokuwa kidato cha pili, ulileta daftari la fizikia ukaniuliza betri ku-discharge ni nini. Nilitoka nje nikaanza kupasua kuni tulizokuwa hatuzihitaji. Ukadhani nimekasirika kwa sababu sijui. Tangu siku ile hukuniuliza tena Kiingereza. Niliona ulivyoacha kuniuliza, na niliona nafuu.

Bibi yako alikufa mwaka jana kama unavyojua. Kila usiku wa maisha yake, baada ya rozari, aliongeza ombi lake la Kirundi ambalo wewe ulilisikia mpaka ukalikariri, kwamba Mungu asimpe nesi yule amani. Mimi nilikuwa napiga magoti pale pale pembeni yake. Nilikuwa naitikia amina. Kwake nimeshachelewa, hakuna kaburi linalosikia.

Barua yako ya kukubaliwa chuoni ilipokuja, nikashindwa kukaa nayo nyumba moja. Unakumbuka nilisema nakwenda Karema kuangalia dagaa wa biashara. Sikwenda kuangalia dagaa. Nilikwenda kumtafuta yeye. Haikuwa kazi, kila mtu anamfahamu. Nilimkuta mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, anageuza dagaa juani kwa ufagio wa miti. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini sauti ni ile ile.

Alinitambua kabla sijasema jina. Hakuacha kazi. Akasema, "Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai. Anakwenda kusomea unesi."

Ufagio ukasimama kidogo, ukaendelea.

Nikamwambia yote, nimesimama juani, pale pale penye wanawake wengine. Nilivyosoma. Mfuko wa shati. Jiko. Nilipomaliza alikaa chini kwenye mchanga, taratibu, kama mtu anayeshikilia kitu kisimwagike. Akasema, "Kwa hiyo niliandika."

Nikamwambia, "Uliandika."

"Miaka yote hii," akasema. "Mwanzoni nilikuwa na uhakika. Halafu nikaanza kujiuliza. Nilikuwa sijalala siku mbili, kuna mama analia kule ndani. Nikasema labda nilitaka kuandika arudi, nikasahau. Mwisho nikaamini kwamba sikuandika. Nimemwomba mke wako msamaha kila misa, kwa kosa la kutoandika."

Nilipiga magoti. Nilitaka kumshika miguu. Akarudisha miguu nyuma.

"Usinipigie magoti, watu watadhani nimekusamehe," akasema. "Barua yao ya kunifukuza ilikuwa ya Kiingereza. Unajua walivyoandika? Kwamba nilishindwa ku-discharge wajibu wangu. Mimi nikaisoma, nikaielewa, kwa sababu neno hilo nilijua maana zake zote. Nilikosea kitu kimoja. Ningemwambia mama yako mkwe kwa mdomo, nimshike mkono, nirudie mara tatu mpaka aseme ameelewa. Nilimwamini mtu ambaye sijamwona, kwa sababu mke wake alimsifu. Mwambie mtoto hilo. Na mwambie na lako. Lako usilipunguze."

Nikamuuliza kama kuna kitu naweza kumfanyia. Akasema, "Ondoka kabla dada yangu hajarudi."

Sasa nimekuambia. Sina ushauri, mwanangu. Utakutana na wanaume kama mimi huko uendako, wamesimama mbele ya vitanda vya wake zao wakiwajibia maswali. Utajua mwenyewe la kufanya. Ninachokijua ni kwamba mama yako alikuwa na jibu sahihi mdomoni, kwa Kiswahili chake kidogo, na mimi nikamfanya aone aibu kuwa nalo. Sikuua kwa kutojua Kiingereza. Hata leo sijui Kiingereza. Niliua kwa kuwa sikuweza kukubali, mbele ya watu wanne, kwamba kuna kitu sijui.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshafika Tabora, mbali, ambapo huwezi kunitazama. Nimeghairi. Nitakupa mkononi leo hii kukiwa bado na mwanga, na nitakaa kwenye kigoda mlangoni mpaka umalize kusoma. Safari hii nikiambiwa niangalie, nitaangalia.

Mjomba wako Deo hajui bado. Jumamosi nakwenda kumwambia, yeye na ndugu zake wote, na sijui nitarudi vipi. Lakini wewe usingoje Jumamosi. Ukiona huwezi kulala nyumba moja na mimi leo, chukua begi uende kwa Deo, ni hapo tu ng'ambo ya reli. Akikuuliza kwa nini umekuja, mwambie. Sitakuomba unyamaze.

Mimi baba yako,
Anatoli